Mshono wa Ujasiri

Mwanamke yule hakubisha hodi. Aliusukuma mlango wa chumba cha mikutano kwa bega, kama mtu aliyezoea kupita milangoni akiwa na trei mikononi, akatukuta watu watatu tumeizunguka meza tukijadili kama rangi yetu mpya ya waridi ina ujasiri wa kutosha.

"Mwenye Chui Jike ni nani hapa?"

Tukatazamana. Siku hiyo hatukuwa na miadi na mtu. Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mpana wa mabega, amevaa sare nyeupe ya uuguzi na raba zilizoanza kuachama mbele. Alitua mfuko wa plastiki juu ya vipande vyetu vya waridi bila kuomba radhi.

"Ni mimi," alijibu Mkurugenzi, kwa ile sauti anayowawekea watu wa kodi.

Mgeni akatoa taiti mbili nyeusi, akazitandaza mezani. Moja ilikuwa na kichwa cha chui kiunoni, yaani yetu. Nyingine ilikuwa na kichwa cha duma, yaani ya Duma Dada, kampuni ya ng'ambo ya barabara. Zote mbili zilikuwa zimepasuka nyuma, mahali palepale, kwa urefu uleule.

"Hii yenu ilinipasukia wiki mbili zilizopita. Hii ya jirani zenu, Jumamosi iliyopita. Mara zote mbili nimeinama kuokota mpira mbele ya watu mia mbili. Nina swali moja tu. Nyie mnadhani mwanamke anayefanya mazoezi hainami?"

Lilikuwa swali zuri. Mkurugenzi hakulisikia. Alikuwa ameichukua ile taiti ya Duma Dada, ameiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaukagua mpasuko kwa vidole viwili.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona yule mwanamke wa ng'ambo? Ametuiga mpaka mpasuko!"

Hapo inabidi nieleze kidogo. Sisi Chui Jike tulikuwa tunatengeneza nguo za mazoezi za wanawake. Duma Dada, hatua thelathini na mbili kutoka mlangoni kwetu, Mkurugenzi alizihesabu mwenyewe, nao walikuwa wanatengeneza nguo za mazoezi za wanawake. Mwenye Duma Dada ni wifi yake Mkurugenzi, dada wa mumewe, tumbo moja. Zamani walikuwa na cherehani moja na duka moja. Wakagombana juu ya nembo, mmoja anataka chui, mwenzake anataka duma, na tangu siku hiyo wamekuwa wakiwapigania wanawake wa mji mzima kwa bidii ambayo wanawake wenyewe hawajawahi kuiona. Sisi tukitoa sidiria ya michezo yenye mikanda mitatu mgongoni, wiki inayofuata wenzetu wanatoa ya minne. Sisi tunatoa ya mitano. Tulipofika mikanda tisa, mteja mmoja alinasa ndani ya chumba cha kujaribia nguo, ikabidi fundi aingie na mkasi. Tuliiita toleo maalumu.

Mume wa Mkurugenzi, ambaye kwa bahati mbaya ni kaka wa adui, aliruhusiwa kwenda kumsalimia dada yake, ila kwa sharti avae fulana yetu. Nasikia kule alipewa ya kwao aivae juu.

Mimi nilikuwa na miezi mitano pale, katika kipindi cha majaribio cha miezi sita. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na tasnifu yangu ilihusu wanawake na michezo ya mtaani. Katika barua ya maombi ya kazi niliandika kwamba nguo nzuri ya mazoezi humruhusu mwanamke kuutumia mwili wake bila kuomba msamaha. Niliamini hivyo. Bado naamini. Mkuu wetu wa matangazo, ambaye wote tulimwita Bwana Chapa na ambaye alivaa fremu ya miwani isiyo na vioo, aliipenda sana sentensi ile. Akaikata ikabaki "Usiombe Msamaha", akaichapisha kwenye mifuko ya kubebea nguo. Ofisini waliniita Msomi, kwa mapenzi yaleyale ambayo kwayo mtu mfupi huitwa Twiga.

"Mama," mgeni akamwambia Mkurugenzi, "mambo ya kuibiana mtamalizana. Mimi ni nahodha wa timu ya netiboli ya wauguzi. Ligi imepiga marufuku sketi tangu mwaka huu, eti tuonekane wa kisasa. Jumamosi saa nne tuna mechi ya mwisho, na wachezaji wangu wanne wamegoma. Wanasema hawaingii uwanjani na vitu hivi. Na wale ni wauguzi, wamezoea kuona kila kitu. Ila kuonwa wao hawataki."

"Wakiendelea kugoma?" niliuliza.

"Tukikosa watu saba tunafutwa kwenye ligi. Timu ina miaka kumi na moja, mwanangu. Kuna watu pale, ile saa moja ya mchezo Jumamosi ndiyo pekee wanapoitwa kwa majina yao. Siku nyingine zote ni Sista, Sista, Sista."

Aliposema hivyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamwita Sista moyoni. Niliona haya.

Mkurugenzi alinivuta kando, karibu na mashine ya kuchapia. "Msomi, mwahidi chochote anachotaka, mradi asivuke barabara. Akienda kwa wifi na hiyo yetu iliyopasuka, tumekwisha."

"Chochote?"

"Kile kitambaa kizito cha buluu kinaoza stoo. Mshonee hata pazia."

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha nguvu na cha kuvutika, lakini Bwana Chapa alikikataa kwa sababu hakiongei na kamera. Nikarudi mezani.

"Mtapata suruali saba Jumamosi, kabla ya filimbi ya kwanza," nikasema. "Za kuinamia."

"Nani atazileta?"

"Mimi mwenyewe."

Sista akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayemwambia ameacha sigara. Kisha akakunja taiti zake mbili, akaziweka mfukoni, akaondoka.

"Safi sana," alisema Bwana Chapa. "Umemtoa vizuri." Ndipo nilipofahamu kwamba pale kwetu ahadi ilikuwa namna ya kumfungulia mtu mlango wa kutokea. Wenzangu walishamsahau kabla hajafika ngazi ya mwisho.

*

Nilishuka chumba cha ushonaji kwa fundi mkuu, mama mmoja mkavu, mwepesi, tuliyemwita Mama Mkasi. Nikamsimulia yote. Hakushtuka. Aliniongoza hadi kwenye kona alikosimama Bi Harusi.

Bi Harusi alikuwa sanamu ya plastiki ya kuvalishia nguo. Kila nguo ya Chui Jike, kuanzia siku ya kwanza, ilipimwa juu yake. Hana tumbo, hatoki jasho, hajazaa, wala hajawahi kuchuchumaa kufunga kamba za viatu. Kiuno chake ni cha skrubu.

"Ndugu yake yuko kule ng'ambo," Mama Mkasi alisema. "Walinunuliwa siku moja. Mawifi walipogawana mali, kila mmoja alichukua mmoja."

Kumbe mashindano yote yale, mabango, mikanda tisa, waridi lenye ujasiri, yalikuwa yanawapatia nguo zinazowakaa vizuri wanawake wawili tu mji mzima, na wote wawili hawakunjiki.

"Mama Mkasi, hukuwahi kusema?"

"Nilisema. Nikaambiwa Bi Harusi halalamiki."

Jumanne, saa ya chakula cha mchana, tulikwenda hospitalini. Wauguzi saba walitupokea katika chumba cha kufulia, katikati ya marundo ya mashuka. Mama Mkasi alikuwa na mtindo wake wa kupima, mtindo ambao sijaukuta kwenye kitabu chochote: hakuandika hata kipimo kimoja mtu akiwa amesimama.

"Inama," alisema, na futi ya kupimia shingoni. "Zaidi. Sasa chuchumaa. Kaa hapohapo. Kohoa."

"Mama, unashona suruali au unatupima ngiri?" aliuliza sista wa wodi ya wazazi, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Wewe ni mmoja wa waliogoma, eh? Geuka. Mwili wote huu wamekupa taiti ya kitoto. Hata mimi ningegoma."

"Ilinikaa vizuri dukani!"

"Dukani ulisimama, mwanangu. Dukani wote tunasimama."

Sista wa upasuaji, mwembamba na mwenye haya, aliuliza kwa sauti ndogo kama inawezekana iwe na mfuko. Nilimwambia inawezekana. Alinishika mkono kama nimempa ruhusa ya likizo.

Jumatano Mama Mkasi akakata. Kati ya mapaja aliweka kipande cha umbo la almasi, kama walivyoshonewa zamani mafundi wa kupanda nguzo za umeme, ambao nao waliinama na kunyanyua miguu kutwa nzima bila kampuni yoyote kuwapongeza kwa ujasiri wao. Alhamisi akavishikiza vipande kwa bandi, ule mshono mrefumrefu wa muda ambao fundi huupiga ili kitambaa kisihame, kisha huuchomoa. Uzi uliokuwa karibu ulikuwa mwekundu. Alipiga bandi ovyoovyo, upande wa nje, kwenye mapaja na nyuma, akapitisha mishono yenyewe, kisha akazitundika suruali zote saba kwenye waya wa dirishani, azimalizie kesho yake.

Dirisha lile lilitazama barabarani. Na wifi yake Mkurugenzi alikuwa na darubini, aliyoinunua, kwa maelezo yake, ya kuangalia ndege.

*

Ijumaa asubuhi nilikuta Mkurugenzi amesimama katikati ya barabara, pikipiki zinampita kushoto na kulia, ameinua uso. Bango jipya lilikuwa linaning'inia kutoka ghorofa ya pili ya Duma Dada, refu hadi chini. Msichana mwembamba anaruka hewani, amevaa taiti yao ileile ya siku zote, ila mapajani na nyuma zimepita nyuzi nyekundu zilizopinda, hatua ndefu, hatua fupi, kama alama za kuku. Chini yake: MSHONO WA UJASIRI. UVUMBUZI WETU.

Nilielewa mara moja. Walikuwa wameiga bandi. Waliuona uzi wa muda, uzi wa kutupa, wakakesha wakiupiga kwenye mzigo mzima.

"Mama, naomba nikueleze," nilianza. "Ule siyo mshono. Ule ni..."

"Ujasiri," alisema Mkurugenzi, mkono kifuani. "Kwa nini sisi hatuna ujasiri?"

Tulipopanda juu, Bwana Chapa alikuwa ameshazibeba suruali za wauguzi kutoka dirishani na kuzimwaga mezani. "Tunao!" alipiga kelele. "Bosi, tunao! Mshono mwekundu, ona, tena kabla yao! Chumba cha ushonaji kilikuwa nao tangu jana!"

"Tangu jana?" Mkurugenzi aliketi taratibu. "Kwa hiyo sisi ndio wa kwanza."

"Sisi ndio wenyewe kabisa!"

"Kwa hiyo wifi ameiba."

"Mchana kweupe!"

Nilijitahidi. Nilieleza bandi ni nini, na Mama Mkasi akaitwa, naye akaeleza kwa maneno sita: "Ni uzi wa kushikiza, unatolewa leo." Bwana Chapa alituangalia kwa huruma kupitia fremu yake tupu. Alisema wabunifu wa kweli mara nyingi hawajui walichobuni.

Basi ikapangwa hivi: kesho saa nne asubuhi tungezindua toleo letu la Mshono wa Ujasiri Halisi katika ukumbi wa maonyesho hapohapo chini. Waandishi wangealikwa. Wanamitindo saba wangevaa suruali zile saba, ushahidi wa kwamba tulitangulia. Kwa kuwa zilikuwa kubwa kwao mara mbili, zingebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, na wanamitindo wangetembea bila kugeuka.

"Hizo ni za wauguzi," nilisema.

"Watapewa nyingine wiki ijayo. Nzuri zaidi, zenye nembo."

"Mechi ni kesho, Mama. Saa hiyohiyo. Wakikosa wanafutwa."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo liandikwe. Aliwahi kuniletea chai nilipokuwa na homa. Alivuta droo, akatoa karatasi yenye kichwa cha chui. "Barua yako ya ajira, Msomi. Afisa Bidhaa. Nilitaka kuitia sahihi kesho, palepale jukwaani, mbele ya waandishi, binti msomi wa Chui Jike. Wewe ndiye utakayesoma hotuba. Usiniangushe kwa ajili ya netiboli."

Nilisema ndiyo, Mama. Sijui nilikuwa najibu nini.

*

Ninaishi kwa dada yangu mkubwa. Jioni ile, jua bado liko dirishani, yeye alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta, shemeji amekaa mezani anamenya chungwa. Nilipomaliza kusimulia, dada alizima bomba.

"Netiboli," alisema.

"Nimewaahidi."

"Bosi wako ndiye aliyekuambia uahidi. Basi yeye ndiye aliyeahidi. Wewe ulikuwa mdomo tu."

"Suruali moja ina mfuko, Dada. Aliomba mfuko."

Shemeji alicheka hadi chungwa likamdondoka. "Mke wangu, huyu tulimpeleka chuo akasomee kitu gani?"

"Nyamaza wewe." Dada alijifuta mikono, akashusha sauti. "Sikiliza. Mwanangu analala kwenye kochi mwaka na miezi mitatu sasa, wewe unalalia kitanda chake. Sikufukuzi. Nakukumbusha tu. Ile barua ndiyo kitanda chako."

Alikuwa na haki, na alikuwa amechoka, na kochi lenyewe ni fupi. Nilifuta sahani moja mpaka ikalia.

"Wakifutwa, nitawaambia nini?" niliuliza.

"Utawaambia pole. Watu huambiana pole kila siku."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoninyima raha. Niliwawazia wauguzi wale, ambao kazi yao ni kuambia watu pole kutwa nzima, wakiambiwa pole na mimi, kwa simu, kwa ajili ya vibanio vya nguo.

*

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua ukumbi wa maonyesho kwa ufunguo wangu. Suruali saba zilikuwa zimetundikwa kwa mpangilio, kila moja na kadi ya jina la mwanamitindo. Mama Mkasi alikuwa ameketi chini yake, mkoba magotini.

"Nilijua ama utakuja ama hutakuja," alisema.

"Mama Mkasi, nenda nyumbani. Wasije wakakuunganisha."

"Kuchomoa uzi nimefanya miaka thelathini, hakuna aliyenifunga. Leta hiyo ya wodi ya wazazi."

Nilimkatalia. Nilimwambia mimi nina miezi mitano ya kupoteza, yeye ana miaka. Tulibishana kwa kunong'ona, kisha akakubali kukaa tu na kunielekeza, mikono amejikunjia kwapani asije akajisahau akasaidia. Nilichomoa bandi yote mwenyewe, mguu kwa mguu. Nyuzi nyekundu nilizirundika juu ya jukwaa. Uzi ulipotoka, suruali zilikuwa za buluu iliyokoza, nzito, za kawaida kabisa, nguo ambazo ungeweza kuinamia bila kufikiria kitu. Nilizikunja, nikazitia ndani ya mfuko wa USIOMBE MSAMAHA, kwa kuwa mwingine haukuwepo.

Mlangoni nikakutana uso kwa uso na Mkurugenzi, kavaa waridi lenye ujasiri kuanzia kichwani hadi kisiginoni.

"Unakwenda wapi na nyota zangu?"

"Uwanjani, Mama."

Alifungua mdomo apige kelele. Na wakati huohuo, kutoka ng'ambo ya barabara, sauti tamu ikaita: "Wifiii! Hongera kwa shughuli! Naona mmeamua kufuata nyayo zetu!"

Wifi alikuwa amesimama kizingitini kwake, kikombe mkononi, anatutazama kwa starehe zote. Mkurugenzi aligeuka na kutabasamu meno yote.

"Asante, wifi yangu! Nyayo zenyewe umezichukua kwangu!" Kisha, tabasamu likiwa palepale, kwa sauti ya chini: "Rudisha ndani hizo suruali."

"Nimewaahidi, Mama."

"Mimi ndiye niliyekwambia uwaahidi!"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nimefanya."

"Na ule uzi mwekundu?"

"Uko jukwaani, wote. Mnaweza kuupiga kwenye taiti yoyote. Wenzenu ndivyo walivyofanya."

Alipumua kupitia puani. Ng'ambo wifi alinywa chai. "Ukiondoka na huo mfuko, ile barua naichana."

"Sawa, Mama." Machozi yalikuwa yananitoka, na sikutaka yatoke.

"Usilie, yule anaangalia! Cheka."

Nikacheka.

"Zaidi kidogo. Haya. Umefukuzwa." Akanipiga busu shavuni, akanipungia mkono nikishuka ngazi, kama shangazi anayemsindikiza mtoto siku ya kwanza ya shule. "Nenda salama, Msomi wetu!" alisema kwa sauti ya kusikika barabara nzima. "Huyu namtuma kwa wateja wetu wakubwa, wifi! Wakubwa kweli!"

*

Nilifika uwanjani saa nne kasoro dakika kumi na nne. Wauguzi walikuwa wamesimama kando ya mstari katika sare zao nyeupe, wote saba, hata wale wanne. Refa alikuwa na saa mkononi. Timu ya pili ilikuwa imeanza kurushiana mpira, kwa kelele za watu wanaotarajia kushinda bila kutoka jasho.

Sista aliuangalia mfuko, akanitazama usoni, hasa machoni, kwa muda ambao muuguzi humtazama mtu.

"Imekugharimu," alisema.

"Vaeni kwanza."

Wawili walinyoosha shuka la hospitali liwe pazia, na nyuma yake ukasikika mchakato na miguno na mtu mmoja kusema "Jamani, ina mfuko!" kana kwamba ameokota mtoto. Sista alitoka wa kwanza. Akatembea hadi katikati ya uwanja, akasimama mbele ya jukwaa la watazamaji, akainama taratibu mpaka vidole vikagusa ardhi. Watu walinyamaza kusikiliza. Hakikusikika kitu. Akainuka, akashuka tena akachuchumaa, akakohoa. Kicheko kilichopigwa safari hii walianza wao wenyewe.

"Wachezaji saba, dakika nne," refa aliita.

Wa saba alikuwa sista wa wodi ya wazazi, na alitoka nyuma ya shuka ameshika mguu wa kulia wa suruali. Pindo lilikuwa limeshuka lote, linaburuta chini ya kiatu. Nilitambua kosa lilikuwa la nani. Katika kuchomoa bandi, kwa haraka, nilichomoa na uzi wa pindo. Msomi.

"Nitakanyaga nianguke," alisema. "Refa hatanikubali hivi."

"Nani ana sindano?" nilipaza sauti.

Wote saba wakanitazama kwa mshangao. Sista wa upasuaji akafungua mkoba wake, akanipa pakiti ndogo iliyofungwa, ndani yake sindano iliyopinda kama mwezi mwandamo, uzi wake mweusi umeshatungwa.

"Vuta kuelekea kwako," alinielekeza. "Usiogope, haitatoka damu."

Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikaushika mguu. Sijawahi kuwa fundi. Mishono yangu ilikuwa mirefu, mifupi, imepinda, ya aibu. Simu ilianza kutetemeka mfukoni mwangu, ikanyamaza, ikaanza tena. Nilijua ni dada; ofisini walikuwa na namba yake, na saa hizo angekuwa ameshapata habari. Nilikuwa nimebakiza upana wa vidole vitatu.

"Dakika moja," refa aliita.

"Msichana," sista wa wodi ya wazazi aliniambia kutoka juu, "jina lako hasa ni nani? Maana tunakuita yule wa suruali."

Nilimwambia. Alilirudia polepole, na wenzake nao wakalirudia, wapate kulikumbuka. Simu ikatetemeka kwa mara ya tatu. Nilipiga fundo, nikaukata uzi kwa meno, nikampiga kofi dogo la mguuni.

"Nenda," nikasema, naye akakimbia kushika nafasi yake, na filimbi ikalia.